Mkebe wa Malkia na Uso wa Babu

Walimu wenzangu, nimechoka. Kila nikiingia chumba cha walimu kuna anayenishika mkono: "Mwanajuma, Dubai kulikuwaje? Mbona umerudi umenuna? Manukato yetu yako wapi?" Manukato hakuna. Na kununa kwangu kuna sababu, ila siwezi kuisimulia kila siku baina ya kengele na kengele. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nisahihishe madaftari yangu.

Mama yangu ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, na la kulia daktari alisema nalo linaaga. Mama hakulia. Aliniita chumbani kwake. "Mwanajuma, uso wa kila mtu nimeuona. Wa muuza maji nimeuona, wa mbuzi wa jirani nimeuona. Wa baba yangu sijauona hata mara moja. Nenda kwa Seif kabla sijazimika."

Seif ni kaka yake mama, baba mmoja, mama mbalimbali. Baba yao, babu yangu Athumani, alikuwa mtia makaa kwenye meli ya Waholanzi wakati wa vita vya Hitla. Alikuwa na mke Unguja na mke Mombasa, ndiyo mambo ya mabaharia wa siku zile, kila bandari na sufuria yake. Meli ikazamishwa, hakurudi, na mama alikuwa hajaanza kutambaa. Kilichorudi ni mkebe wa biskuti wenye sura ya malkia wa Uholanzi, ukapelekwa kwa mke mkubwa Unguja. Mjomba Seif alihamia Dubai zamani, akahama nao. Idi iliyotangulia safari yangu alimwambia mama kwenye simu, kwa kupitia tu, kwamba ndani ya mkebe bado mna karatasi yenye picha ya baba yao.

Mama alinikataza nisiitaje picha kwenye simu. Jambo kama hilo huendewa, alisema, haliombwi hewani. Nikangoja shule zifungwe mwezi wa Desemba, nikaenda.

Nairobi, kuchelewa kidogo

Habari za pasi na viza nawaachia wanaozipenda. Uwanja wa ndege Nairobi tuliambiwa ndege imechelewa kidogo. Kidogo! Tulikaa pale mpaka abiria wakajuana majina ya watoto. Mbele yangu waliketi wasichana waliovalishwa fulana za rangi moja, wanapelekwa kazi za nyumbani, na wakala wao akiwahesabu kila mara kama kuku wa kuuzwa. Nilimkazia macho mpaka akageuza shingo.

Kando yangu alikaa mwanamke wa Kitui, jina lake Mwende, anarudi kwa madam wake Al Warqa, mtaa wa Dubai, baada ya likizo yake ya kwanza. Alifungua mfuko, akanikatia chapati ya baridi na yai la kuchemsha bila hata kuniuliza jina. Huyo ndiye mtu.

"Na wewe unaenda kazi gani?" akauliza.

"Siendi kazi. Naenda kumwona babu yangu."

"Ako hospitali?"

"Hapana. Alikufa wakati wa vita vya Hitla."

Mwende alinitazama, akausogeza mkoba wake upande wa pili. Ilibidi nimweleze kisa chote, na nilipomaliza akanirudishia urafiki pamoja na yai la pili. "Sasa sikia mimi," akasema. "Hiyo picha, ukifika tu mlangoni, itisha. Usikae kukaa. Dubai mtu akinyamaza wanafikiri hana shida."

Nilicheka moyoni. Nikasema, masikini, watu wa bara hawajui adabu. Mimi naenda kwa mjomba wangu, siendi kituo cha polisi.

Al Ras, mgeni siku ya kwanza na ya pili

Mjomba Seif alikuja mwenyewe kunipokea, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mzee mwembamba amenyooka. Nikamwamkia na kumbusu mkono, unanukia iliki. "Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu kwenu. Umefanana na dada yangu, au mimi ndo nnozeeka?" Lafudhi ya Unguja haijamtoka hata kidogo, na huko kwenyewe hajarudi tangu aondoke.

Anakaa Al Ras, juu ya vichochoro vya wauza viungo, na duka lake liko chini hapohapo. Kutwa unasikia wachukuzi wakisukuma mikokoteni na kupiga kelele, "Yalla, yalla!" Mkaza-mjomba wangu, Bi Zuhura, alinipokea kwa mkate wa kumimina, kuku wa kupaka, pweza wa nazi, halwa, kahawa, halafu akaomba radhi kwamba hakupika kitu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Nyinyi wa bara mtanicheka. Kwetu mgeni hafiki akatupa haja yake mezani kama mkungu wa ndizi. Anakula, anapumzika, anaulizwa habari za wazima na wagonjwa, na mwenyeji ndiye atakayefungua mlango: haya, mwanangu, una lipi? Mwenyeji naye hamharakishi mgeni, maana atadhaniwa kwamba anamfukuza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mimi nikangoja jembe langu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wao walikuwa wakiliogopa. Kila jamaa aliyetoka Mombasa au Unguja kuja kwao alikuja kutafuta kazi, mdhamini, au pa kulala mpaka apate vyote viwili. Bi Zuhura akinipakulia alikuwa akisema, "Dubai ya sasa si ile, mwanangu. Kazi zimekwisha. Hata Wahindi wanalia." Mimi najibu, "Ee, dunia imebadilika," na kujipakulia mchuzi. Akaongeza, "Kwenu Mombasa kuzuri, upepo bure." Nikakubali, upepo wetu ni mzuri. Yule mama aliniona nina uso mkavu ambao hajapata kuuona! Lakini hakuuliza, na mimi sikusema, na mjomba alikuwa akitia tasbihi mfukoni na kuitoa.

Siku ya tatu

Asubuhi mjomba akaniambia, "Twende dukani, usije ukaota ukungu humo ndani." Duka lenyewe dogo, magunia ya iliki, karafuu, ndimu kavu, na kiti kimoja alichonipa mimi. Juu ya meza palikuwa na kifurushi kimefungwa kwa gazeti la Kiarabu. Mjomba alikuwa akihangaika na uzi.

"Mwanangu, hebu niwekee kidole hapa."

Nikaweka kidole. Akapiga fundo, akalikaza, karibu anifunge na mimi. Tukacheka.

Mara akaingia mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele za mvi, jasho usoni ingawa Dubai yalikuwa majira ya baridi. Mjomba alikitoa kile kifurushi kwa mikono miwili, akamkabidhi. Yule mama alikikumbatia, macho yakamjaa machozi, akamshukuru mjomba kwa Kiarabu kibovu, kisha akanigeukia mimi kwa Kiingereza: je, najua mjomba wangu ana moyo mkubwa kiasi gani? Nikamwambia najua sana. Nikamfungulia mlango apite na mzigo wake. Na karibu tena nikamwambia!

Mchana tukala wali wa nazi na papa. Mjomba akanawa, akakohoa, akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Haya, mwanangu. Jembe hilo. Unataka kazi ya namna gani? N'kwambie kweli, za ofisini hazipo. Lakini Bi Zuhura anamjua arbabu mmoja, tajiri anayeajiri watu..."

"Kazi? Mjomba, mimi nna kazi. Nafundisha darasa la nne."

Bi Zuhura alivuta pumzi, nadhani ya kwanza tangu nifike. "Alhamdulillahi! Basi umekuja kututembelea tu?"

"Nimekuja kuiona picha ya babu. Mama anapofuka. Anataka auone uso wa baba yake kabla jicho halijafa."

Mjomba hakunitazama. Alichukua kitambaa, akajifuta mikono iliyokuwa mikavu tayari.

"Ile ya kwenye mkebe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mwanangu," akasema polepole, "mkebe si ndo ule ulouwekea kidole."

Wallahi nilitaka kupiga ukelele, na sijui ningempigia nani.

"Mbona hukusema?" mjomba akauliza.

"Sikuulizwa."

"Mgeni haulizwi!"

"Na mgeni hasemi!"

Bi Zuhura akakusanya sahani kwa vishindo. "Adabu zenu hizi! Mngekuwa washenzi, saa hizi tuna picha."

Ndipo mjomba akanieleza. Yule mwanamke ni Mholanzi. Mwaka ule kwao wamepata mfalme mpya, na yeye anakusanya kila chenye sura za wazee wa huyo mfalme, vikombe, sahani, utepe, na karatasi za propaganda za wakati wa vita, apeleke kwao kwenye makavazi, ile nyumba ya kuhifadhia makaratasi ya kale. Aliingia dukani kununua iliki, akaona iliki zenyewe zinatiwa kwenye mkebe wa malkia, akapiga magoti. Alirudi mara nyingi kuuomba. Mjomba akaona, mtu anayekitaka kitu namna ile, basi mpe.

"Lakini picha ya baba yako, mjomba? Hata kuitoa mle?"

Hapo akawaka. "Siitaki! Mimi ulipoletwa mkebe ule nilikuwapo. Vitu alivyoviacha Uingereza kwenye bweni la mabaharia, ndo walivyotuletea. Mama akadhani biskuti, akamshukuru yule mtu. Akafungua mbele yetu sote. Kofia, utepe, na karatasi hiyo, baba anacheka! Kaburi hana, sala ya maiti hakusaliwa, mama yangu yu edani, na yeye anawachekea Waholanzi. Nimeutia iliki miaka yote hii ili nisikione kilichomo."

Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma. Nikamwomba ampigie yule mama simu auombe mkebe. Akakataa. Muungwana hadai alichotoa. Alichokubali ni kumpigia kumwomba nikatazame tu, na yule mama akasema haraka, nije ghalani Ras Al Khor, sanduku linafungwa leo.

Ras Al Khor

Mjomba hakuja. Alisema magoti yanamuuma, na wakati ule magoti yake hayakuwa na neno. Nikachukua teksi.

Dereva alikuwa Mpakistani mchangamfu sana. Nilimwambia Ras Al Khor, akaniona mwanamke wa buibui bila mzigo, akaamua mwenyewe kwamba naenda kutalii. Akanishusha kwenye kibanda cha kutazamia ndege wa majini. Heroe tele, wa waridi, wamesimama mguu mmoja kwenye tope, na watalii wanawapiga picha. "Wazuri, sista, wazuri!" ananiambia. Nilimfokea Kiswahili kitupu mpaka akaelewa. Tukazunguka upya, tukapotea kwenye gereji na maduka ya vipuri vya magari, milango yote ya chuma, yote imefanana. Sanduku linafungwa, na mimi naonyeshwa heroe!

Ghala ni la watu wanaofunga mizigo ya wageni wanaohama. Getini alikuwapo mlinzi Mkenya, Mkisii, anaitwa Nyamweya. Aliposikia Kiswahili changu akatabasamu, lakini mkono akaunyoosha.

"Simu inabaki hapa, auntie."

"Kaka yangu, nataka picha moja tu, ya babu yangu."

"Nakuelewa, lakini siwezi. Wakiona simu huko ndani, mimi ndiye nitapandishwa ndege nirudishwe kwetu. Niko na watoto watatu shule."

Nimfanye nini? Ni mwalimu gani atakayemwambia mtu awatoe watoto shule? Nikampa simu. Akanipa maji baridi, akanionyesha mlango.

Yule Mholanzi alinipokea vizuri, kusema kweli. Meza ilikuwa ndefu, na juu yake ukoo mzima wa kifalme: malkia kwenye sahani, malkia kwenye vijiko, watoto wa kifalme kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Wafanyakazi wamevaa glavu nyeupe. Kile kikombe kibovu kilikuwa kikiviringishwa karatasi laini, tabaka juu ya tabaka, utadhani mtoto mchanga. Kulikuwa na rundo la karatasi ndogondogo zilizodondoshwa na ndege za vita, kuwaambia watu wa Uholanzi wasikate tamaa, malkia wao yu salama Uingereza na atarudi. Kila moja iliwekwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nikawaza, hawa watu hawapotezi kitu. Wamempoteza babu yangu tu.

Akanitolea karatasi, ukubwa wa jani la daftari, nayo tayari imo ndani ya plastiki.

Nilimjua kabla hajaiweka mezani. Paji la uso ni la mama, pana, na mkunjo mmoja katikati. Amesimama na sepetu ya makaa, lakini shati jeupe pee, nami najua hakuna mtia makaa mwenye shati jeupe. Kifuani utepe. Mkono wa kushoto wamemshikisha picha ya malkia. Anacheka, ndiyo, mdomo unacheka. Macho hayacheki. Macho yanamtazama mtu aliye nyuma ya kamera kama anayeuliza, tumemaliza?

Nikauliza maandishi ya chini yanasemaje. Yule mama akanitafsiria, ametahayari kidogo: yanasema kwamba watu wa rangi zote walio chini ya malkia wanapigana kwa ajili yake.

"Huyu hakuwa chini yake," nikasema. "Huyu ni mtu wa Mombasa. Alikuwa anatia makaa apate kulisha watoto. Jina lake mmeliandika wapi?"

Jina halikuandikwa. Nikamwambia aandike: Athumani bin Mwinyi, wa Mombasa. Akauliza kwa upole kama nina hati yoyote ya kuthibitisha. Nikajifunua mtandio mpaka utosini, nikamwonyesha paji langu la uso. "Hati hii hapa."

Alinitazama, akaitazama picha, akawa mwekundu. Hakubisha. Lakini alisema jina huingizwa na wenye makavazi, yeye ataliwasilisha, watalifikiria. Kuipiga picha karatasi ile hakukubaliwi mpaka isajiliwe, kwa kuwa tayari ni mali yao. Ila akaniahidi watanitumia nakala. Aliahidi mara mbili, mkono kifuani, na naamini alikuwa akisema kweli. Kisha wakaifunga, na lile sanduku likapigwa misumari mbele yangu.

Kurudi

Mjomba alinisindikiza uwanja wa ndege, akanipa mfuko wa iliki kwa ajili ya mama. Tulipoagana akanishika mkono, hataki kuuachia. "Mwambie dada yangu anisamehe. Mwambie baba alikuwa akinibeba begani." Akageuka upesi, sikuwahi hata kumbusu mkono.

Mama nilimkuta amekaa barazani anangoja, miwani amevaa. Nikamsimulia. Nikamgusa paji la uso, nikamwambia, hili ndilo lake, mama, na mkunjo huu. Akautoa mkono wangu. "Nilikutuma ukaniletee nione. Kuhadithiwa nilikwisha hadithiwa na mama yangu." Zile iliki akampa jirani.

Muhula wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Nikawaandikia wale wa makavazi, na kuwaandikia tena. Sasa ile siku mliponikuta ofisini naipiga makofi mashine ya kuchapia, mkasema Mwanajuma amerukwa na akili, ndiyo siku picha ilipofika kwa barua pepe. Ilikuja na maneno mazuri ya shukrani. Jina lake: baharia asiyejulikana. Na juu ya picha, kutoka pembe hadi pembe, wamepitisha herufi kubwa za kijivu, jina la makavazi na onyo la kutoitumia bila idhini. Herufi zimempita paji la uso, zimempita machoni, zimempita mdomoni. Nikawaandikia wanipe iliyo safi. Wakanijibu kwamba iliyo safi hupewa wachapishaji wa vitabu na wenye maonyesho, nami nijaze maombi nieleze nataka kuitumia kwa kazi gani.

Nilifikiri nisimpe mama. Lakini jicho halingoji maombi. Nikampelekea dirishani penye mwanga, na kioo cha kukuzia. Alikisogeza kioo, akakisogeza tena, juu, chini, kwa muda mrefu sana.

"Naona michirizi tu. Nani kamchora baba yangu usoni?"

"Ni alama yao, mama. Yaonyesha kwamba picha ni mali yao."

Akaiweka karatasi mapajani, akaivua miwani, akaikunja.

"Vyema. Kama uso ni mali yao, na mifupa ni mali yao. Waandikie waitafute baharini, waizike."